Mwongozo kamili: Kutambua kama simu ya bei nafuu ina eMMC au UFS kabla hujalipa

Kosa ni lile lile kila mara. Mnunuzi anauliza, "Hii ni GB ngapi?" Muuzaji anajibu, "Mia na ishirini na nane, RAM nne." Pesa inatoka, boksi linafunguliwa, na baada ya miezi michache simu inaganda kila Play Store inaposasisha programu. Mwenye simu anafuta picha, anafuta video za WhatsApp, na bado simu ni nzito.

GB zinakwambia simu inabeba kiasi gani. Hazikwambii inasoma na kuandika kwa kasi gani. Kasi hiyo inatokana na aina ya chipu ya hifadhi iliyolehemewa kwenye bodi, na kwa simu za bei nafuu aina ni mbili: eMMC na UFS. Boksi mara nyingi haliandiki ni ipi.

Wapo pia wanaoijua tofauti lakini wanakosea kwenye kupima. Wanapima simu ikiwa moto, memori kadi ikiwa ndani, halafu wanasoma namba ya kadi wakidhani ni ya simu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Hatua ya kwanza peke yake inaokoa wengi, na haihitaji hata kuigusa simu.

## Vitu vya kuandaa

- Jina kamili la simu pamoja na namba ya modeli iliyo kwenye boksi, kwa mfano SM-A055F. Jina la biashara pekee halitoshi.
- Ukubwa kamili wa toleo unalotaka: RAM ngapi, hifadhi ngapi.
- Simu yako ya sasa yenye intaneti.
- Programu mbili za bure za Android: Device Info HW ya kusoma aina ya chipu, na CPDT ya kupima kasi.
- Pini ya kutolea laini na memori kadi.
- Nafasi tupu ya GB 5 au zaidi kwenye simu inayopimwa, na chaji iliyozidi nusu.
- Ukiweza, kompyuta yenye ADB (programu ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta) na waya wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, kwa hiyo jaribu waya wako nyumbani kwanza.

## Unatafuta tofauti gani hasa

eMMC 5.1 inapitisha data kwenye njia moja inayotumika kwa zamu: ama inasoma, ama inaandika. Ni kama daraja la gari moja, wa upande huu wanasubiri wa upande ule wamalize. Kikomo cha njia hiyo ni MB 400 kwa sekunde, na simu halisi za bei nafuu huwa chini ya hapo, mara nyingi kati ya MB 250 na 310 wakati wa kusoma.

UFS ina njia tofauti za kwenda na kurudi, kwa hiyo inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa UFS 2.1 na 2.2, kila njia inaweza kufika karibu MB 600 kwa sekunde, na chipu yenye jozi mbili za njia inakaribia MB 1,200. UFS 2.2, iliyotoka mwaka 2020, iliongeza WriteBooster: sehemu ya chipu inaandikwa kwa mtindo wa haraka zaidi, data inapokelewa upesi, kisha inahamishiwa mahali pake simu ikiwa imetulia.

Namba hizo kubwa ni za faili refu kama video, ila uzito unaousikia mkononi unatoka kwingine. Ukifungua WhatsApp, simu haisomi faili moja kubwa. Inasoma vipande vidogo vingi vya KB 4 vilivyotawanyika huku na huku. Hapo ndipo UFS inaiacha eMMC mbali, na ndiyo sababu simu mbili zenye prosesa (chipu kuu inayoendesha simu) zinazolingana zinaweza kuwa na wepesi tofauti kabisa.

## Hatua ya 1: Anza na prosesa

Prosesa ndiyo inayoamua aina gani ya hifadhi inawezekana. Kama haina mlango wa UFS, hakuna tangazo wala maneno ya muuzaji yatakayoiweka.

Zinazotumia eMMC 5.1 pekee: MediaTek Helio A22, G25, G35, P35, G37, G80, G85 na G88, pamoja na Unisoc SC9863A. Simu nyingi za bei ya chini kabisa madukani kwetu zimejengwa juu ya hizi. Redmi 9A ina G25, Redmi 12C ina G85, na zote mbili ni eMMC 5.1.

Zinazokubali UFS 2.2: Helio G96, Helio G99, Dimensity 700 na Snapdragon 680. Redmi Note 11 ina Snapdragon 680 na UFS 2.2.

Kundi la tatu ndilo linaloumiza watu. Unisoc T606, T612 na T616 zinakubali eMMC na UFS zote mbili, na mtengenezaji anachagua kulingana na bei anayotaka kuuzia. Ukikuta prosesa ya kundi hili usidhani chochote, endelea na hatua inayofuata.

Tahadhari: prosesa kukubali UFS si uthibitisho kwamba UFS imewekwa. Kanuni hii inafanya kazi upande mmoja tu. G85 maana yake ni eMMC bila mjadala. T606 maana yake ni "bado hatujajua".

Umefaulu kama: unaweza kuiweka simu kwenye kundi moja kati ya matatu, eMMC hakika, UFS inawezekana, au utata.

## Hatua ya 2: Soma sifa za toleo lako, si za jina la simu

Fungua ukurasa rasmi wa mtengenezaji, tafuta sehemu ya hifadhi, kisha linganisha RAM na GB na toleo lililoko dukani. Jina moja linaweza kubeba chipu tofauti. Poco M3 ni mfano wa wazi: toleo la 64GB lilitoka na UFS 2.1, la 128GB likatoka na UFS 2.2. Hapo angalau mtengenezaji alisema mwenyewe.

Mwaka 2017 Huawei P10, simu ya bei ya juu, iligundulika kuuzwa na mchanganyiko wa eMMC 5.1, UFS 2.0 na UFS 2.1 chini ya jina moja, na kampuni ikaeleza kuwa chanzo ni uhaba wa chipu. Wanunuzi waligundua kwa kupima kasi na kulinganisha majibu. Kama ilitokea kwa simu ya daraja hilo, simu ya bei nafuu usiiamini kwa karatasi peke yake.

Mtengenezaji akikaa kimya kuhusu aina ya hifadhi huku akitaja mambo madogo kama rangi za mfuniko, mimi nahesabu kuwa ni eMMC mpaka nithibitishiwe vinginevyo. Aliyeweka UFS kwenye simu ya bei nafuu ana sababu zote za kuitangaza.

Kwenye hatua hii angalia pia RAM iliyoandikwa na kinyota. Boksi likisema "8GB*" halafu maandishi madogo pembeni yakasema 4+4, RAM halisi ni 4GB. Nne nyingine zimekopwa kwenye hifadhi ya ndani. Kwenye simu ya eMMC mkopo huo unaongeza foleni kwenye daraja lile lile ambalo tayari limejaa.

Umefaulu kama: una maandishi ya mtengenezaji yanayotaja aina ya hifadhi kwa toleo lako, au umejua kwa hakika kwamba hayapo.

## Hatua ya 3: Elewana na muuzaji kabla ya kulipa

Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, wauzaji wengi hawafungui boksi lenye sili kabla hawajalipwa, na wana haki. Omba kwanza simu ya maonyesho ya modeli hiyo hiyo. Kama haipo, weka makubaliano mapema na kwa adabu: "Bosi, nikilipa tunafungua hapa hapa, naweka programu moja ya kuangalia. Nikikuta si UFS kama ulivyoniambia, unanibadilishia. Naomba uiandike kwenye risiti."

Anayekubali, kaa naye. Anayekwambia "simu zote siku hizi ni UFS" umeshampima tayari: hajui, au anajua na anaficha. Asante, nenda duka la pili.

Kwa simu iliyotumika, ile inayoitwa ya Dubai au ya mkononi, usikubali kuonyeshwa picha ya skrini ya programu. Isome mwenyewe kwenye simu unayoondoka nayo.

Umefaulu kama: risiti ina maneno "UFS" na "kubadilishiwa", au una simu ya maonyesho mkononi.

## Hatua ya 4: Soma aina ya chipu kwa Device Info HW

Toa memori kadi kwanza. Washa simu, unganisha intaneti ya simu yako, sakinisha Device Info HW kutoka Play Store, kisha tafuta mstari unaotaja chipu ya hifadhi. Mara nyingi utaona neno eMMC au UFS likiwa wazi.

Wakati mwingine utaona jina la chipu badala ya aina. Jina linaloanza na KLU ni UFS ya Samsung, KLM ni eMMC ya Samsung. H28 ni UFS ya SK hynix, H26 ni eMMC yake. Ukikuta jina fupi la herufi na tarakimu sita tu, hiyo ni dalili ya eMMC, kwa sababu kiwango cha eMMC kinatoa nafasi ya herufi sita kwa jina la bidhaa.

Tahadhari: baadhi ya simu zinaizuia programu kusoma taarifa hizi na mstari unabaki mtupu. Mstari mtupu si jibu la eMMC wala la UFS. Hapo nenda hatua ya 5, au ruka kwenye kupima kasi kama huna kompyuta.

Umefaulu kama: umeona aina au jina la chipu kwa macho yako, na haligongani na kundi la prosesa la hatua ya 1. Likigongana, kwa mfano Helio G85 na programu inasema UFS, simu hiyo ina walakini. Huenda hata jina la prosesa ni la kubandika. Irudishe.

## Hatua ya 5: Thibitisha kwa ADB

Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba, kisha washa Utatuzi wa USB kwenye Chaguo za wasanidi programu. Unganisha waya, kubali ombi linalotokea kwenye skrini ya simu, halafu andika kwenye kompyuta:

`adb shell cat /proc/mounts`

Tafuta mistari inayoanza na /dev/block. Ukiona mmcblk0 ikifuatiwa na p na namba, ni eMMC. Ukiona sda, sdb au sdc ikifuatiwa na namba, ni UFS.

Kadi ndiyo inayowapoteza wengi hapa. Android huiita memori kadi mmcblk pia. Kwenye simu ya UFS yenye kadi ndani, kadi inaweza kulichukua jina la mmcblk0, na mwenye simu nzuri akaondoka akiamini ana eMMC. Ndiyo maana nimesema itoe mapema.

Kama mistari yote inaonyesha dm- na namba tu, mfumo umefunika majina halisi. Kwa simu za Snapdragon, jaribu hii:

`adb shell getprop ro.boot.bootdevice`

Jibu linaloishia na ufshc ni UFS. Linaloishia na sdhci ni eMMC.

Ukimaliza, zima Utatuzi wa USB. Ukiuacha wazi, umebakiza mlango wa kuingilia simu yako kutoka kwenye kompyuta uliyoikubalia.

## Hatua ya 6: Pima kasi kwa CPDT

Kujua aina hakutoshi, kwa sababu chipu za aina moja zinatofautiana. Toleo la 64GB mara nyingi huandika polepole kuliko la 128GB la simu hiyo hiyo, kwa kuwa chipu yenye ujazo mkubwa ina vipande vingi ndani vinavyofanya kazi kwa pamoja.

Andaa simu hivi: zima hali ya kuokoa chaji, simamisha masasisho ya Play Store, funga programu zote, na uiache ipoe. Simu iliyotoka tu kuwashwa mara ya kwanza inapakua vitu kimyakimya, kwa hiyo ipe dakika kumi hivi. Kwenye CPDT chagua hifadhi ya ndani, na hakikisha matumizi ya kache ya RAM (kuhifadhi data kwa muda kwenye RAM) yamezimwa.

Pima mara tatu. Jibu la kwanza mara nyingi ni zuri kupita kiasi kwa upande wa kuandika, kwa sababu eneo la haraka la chipu bado ni tupu. Jibu la tatu liko karibu zaidi na maisha ya kila siku.

Soma hivi:

- Kusoma kwa mfululizo (faili moja refu) juu ya MB 400 kwa sekunde: si eMMC. Njia ya eMMC haiwezi kuvuka hapo.
- Kati ya MB 450 na 1,000: UFS 2.1 au 2.2.
- Karibu MB 300 au chini: karibu hakika ni eMMC, au UFS mbovu ambayo nayo huitaki.
- MB 3,000 au zaidi kwenye simu ya bei nafuu: umepima RAM. Zima kache, rudia.

Kisha angalia kusoma na kuandika kwa vipande vya KB 4. Ukiwa na simu mbili za kulinganisha, mstari huu ndio uamue. Nikilazimika kuchagua kati ya simu inayosoma video kwa MB 900 na ile ya MB 600 yenye KB 4 bora, nachukua ya pili.

Umefaulu kama: majibu ya pili na ya tatu yanakaribiana, na yanalingana na aina uliyoiona hatua ya 4 au ya 5. Kwa simu iliyotumika, majibu yanayopanda na kushuka ovyo ni dalili ya chipu iliyochoka au iliyojaa. Ifute kabisa, ipime tena. Kama bado yanayumba, iache.

## Hatua ya 7: Ipe kazi mbili kwa pamoja

Hii haihitaji programu yoyote. Rekodi video mpaka upate faili la GB 1 au 2. Fungua programu ya mafaili, anza kulinakili kwenye folda nyingine ya ndani, na wakati linanakiliwa fungua kamera, kisha Mipangilio, kisha kamera tena.

Simu ya eMMC itasita: kamera inakaa nyeusi, kibodi inachelewa kutokea, kidole kinagusa na hakuna kinachotokea. Ya UFS inaendelea huku faili likimalizika. Huko kusita ndiko utakakoishi nako kila asubuhi programu zinaposasishwa.

Kasi ya kunakili unaipata kwa kugawanya MB kwa sekunde. MB 2,000 kwa sekunde 20 ni MB 100 kwa sekunde.

## Hatua ya 8: Amua

Kama bei zinapishana kidogo, UFS 2.2 yenye RAM 4GB naiweka mbele ya eMMC yenye RAM 6GB kwa mtu atakayekaa na simu miaka miwili au mitatu. Hifadhi haibadilishwi baadaye. Fundi mwenye mashine anaweza kung'oa chipu ya eMMC iliyokufa na kuweka eMMC nyingine, lakini hawezi kuweka UFS mahali pake. Zipo eMMC na UFS zenye umbo lile lile la milimita 11.5 kwa 13 na nukta 153 chini, lakini nukta hizo zinaongea lugha tofauti, na bodi imejengwa kwa moja tu.

eMMC inafaa kwa simu ya kupiga, M-Pesa, redio na WhatsApp yenye makundi machache. Ukimnunulia mzazi simu ya aina hiyo hujamkosea, mradi GB ziwe 64 au zaidi na usimjazie programu.

Memori kadi haiponyi eMMC. Kadi yenye alama ya A1 inahakikishiwa usomaji 1,500 na uandishi 500 tu wa vipande vidogo kwa sekunde, na A2 ni 4,000 na 2,000. Weka humo picha, video na nyimbo. Programu ziache ndani.

## Kama tayari unayo ya eMMC

Acha nafasi tupu, angalau moja ya tano ya hifadhi. Chipu iliyojaa inalazimika kuhamisha data kabla ya kuandika mpya, na kila uandishi unakuwa kazi mbili.

Zima RAM ya kukopa. Kwenye Samsung inaitwa RAM Plus, kwenye Tecno na Infinix ni MemFusion. Anzisha upya simu baada ya kuizima, kisha linganisha kwa siku mbili tatu. Kama programu zinafungwa zenyewe mara nyingi kuliko zamani, irudishe kwa kiwango kidogo kabisa.

Play Store iweke isisasishe yenyewe, halafu sasisha usiku simu ikiwa kwenye chaji. Wakati huo huo, simu ikiwa imetulia, Android hupitia hifadhi na kuiambia chipu ni sehemu zipi zimefutwa ili zitayarishwe kwa uandishi mpya. Anayezima simu kila usiku anaikosesha kazi hiyo.

Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video na picha kwa makundi. Kila video inayoshuka bila kuitwa inaandikwa kwenye chipu, inatengenezewa picha ndogo, na inaingizwa kwenye orodha ya gala. Kwa mtu aliye kwenye makundi mengi, mpangilio huu mmoja unaonekana siku hiyo hiyo.